Alan Griffith na Daftari la Ufa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila aliyepita shule ya msingi ameiandikia insha methali hii. Sisi tuliokulia Qurus, wilayani Karatu, tuliitekeleza kwa vitendo: nyumba ya udongo ikishapigwa na mvua za masika, likizo yote unaimaliza na ndoo ya tope mkononi, unasiliba. Lakini methali, pamoja na hekima yake yote, imeacha maswali mawili. Ufa upi uzibwe leo, na upi unaweza kusubiri mpaka mavuno? Na ukiuacha, ukuta utaanguka lini?

Mtu wa kwanza kuyajibu maswali hayo kwa hesabu alikuwa Mwingereza aitwaye Alan Arnold Griffith. Wenzangu wa uhandisi mnamjua kwa kanuni moja tu kwenye desa, ile mnayoikariri usiku wa kuamkia UE. Mtihani ukiisha, naye amekwisha. Nimeona nimwandikie maisha yake humu kwa sababu yana mafunzo kuliko ile kanuni. Na nyie wa sheria, ualimu na biashara msifunue ukurasa haraka. Nyote mnapanda mabasi.

Griffith alizaliwa London tarehe 13 Juni 1893. Baba yake, George Griffith, alikuwa mwandishi wa hadithi za kubuni, mtu aliyejaza magazeti kwa habari za vita vya angani wakati ambao hakuna binadamu aliyekuwa amerusha ndege yenye injini. Alikuwa pia msafiri, na mwaka 1894 aliizunguka dunia kwa siku 65. Alifariki mwaka 1906, mwanawe akiwa na miaka 12. Kijana alisoma sekondari katika kisiwa cha Man, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Liverpool kusomea uhandisi mitambo, na akamaliza mwaka 1914 kwa daraja la kwanza. Baba aliota ndege, mtoto akaenda kuzitengeneza: mwaka 1915 aliajiriwa Farnborough, kwenye kiwanda cha ndege cha serikali ambacho baadaye kiligeuzwa kuwa taasisi ya utafiti.

Ilikuwa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Ndege za wakati ule zilivunjika zenyewe angani hata bila kupigwa risasi, na hakuna aliyejua vizuri jinsi ya kukokotoa nguvu inayokaa ndani ya kipande cha chuma chenye umbo gumu. Mwaka 1917 Griffith na mwenzake Geoffrey Taylor walipata ujanja wa ajabu. Walikata tundu kwenye bati, lenye umbo la chuma wanachokichunguza, wakatandaza juu yake utando wa sabuni na kuuvimbisha kidogo. Hesabu ya utando ule ni ileile ya chuma kinachosokotwa. Kwa hiyo ukipima mteremko wa povu, umepima nguvu ndani ya chuma. Penye mteremko mkali ndipo penye hatari. Wenzake wakamtania kwa jina la Griffith wa Mapovu, na jina likamganda.

Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye nyufa. Mafundi walikuwa wanajua kwamba chuma chenye mkwaruzo huchoka mapema kuliko kilichong'arishwa. Mwaka 1913 Charles Inglis alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba nguvu inayopita ndani ya bamba ikikutana na tundu hulazimika kulizunguka, na hujazana kwenye ncha zake kama abiria wanavyojazana mlango mmoja wa mwendokasi. Kadiri ncha inavyokuwa kali, msongamano huzidi. Lakini hapo palikuwa na fumbo. Kwa kanuni ya Inglis, mkwaruzo mdogo na mkubwa wenye umbo lilelile vinazidisha nguvu kwa kiasi kilekile. Kama ni hivyo, basi kila kitu chenye mkwaruzo mkali kingevunjika kwa kuguswa tu. Mbona havivunjiki? Mbona kikombe chenye ufa kinatumika nyumbani miaka mitano?

Griffith akaacha chuma kwanza, akachukua kioo. Kioo hakipindi wala hakinyauki, kinabaki kizima au kinavunjika. Akakokotoa jinsi kioo kinavyopaswa kuwa na nguvu kama kazi yote ingekuwa ni kuachanisha chembe zake zilizoshikana. Halafu akapima kioo chenyewe. Fimbo yenye unene wa milimita 1 ilikatika kwa takriban megapaskali 170, yaani kama kilo 1,700 kwa kila sentimita ya mraba. Ni kama sehemu moja kwa mia ya ile nguvu ya kwenye hesabu. Asilimia 99 imekwenda wapi?

Akaanza kuyeyusha kioo na kukivuta kiwe uzi. Kadiri uzi ulivyokuwa mwembamba, ndivyo ulivyozidi kuwa mgumu kukatika. Uzi mwembamba kuliko zote, wa elfu 3 na kidogo za milimita, ulibeba megapaskali 3,400, mara 20 ya fimbo nene. Kioo ni kilekile, jiko lilelile. Tofauti ni kwamba ndani ya uzi mwembamba kiasi kile hakuna nafasi ya ufa mrefu kujificha. Griffith akahitimisha kwamba vitu tunavyoviona vizima vimejaa nyufa tusizoziona, na nguvu ya kitu huamuliwa na ufa wake mbaya kuliko zote.

Waliotutangulia nyumbani walilitumia jambo hilo bila hesabu. Ukipita Karatu, ukapanda Ngorongoro na kuteremkia upande wa Serengeti, unafika bonde la Olduvai. Huko yamechimbuliwa mawe ya basalti na kwatsi yaliyochongwa takriban miaka milioni 1.8 iliyopita. Kuchonga jiwe ni kuanzisha ufa kwa pigo moja na kuuelekeza uende unakotaka, mpaka kibanzi kitoke na makali yake. Kisu cha kwanza cha binadamu ni ufa ulioongozwa vizuri.

Sasa tuje kwenye kanuni yenyewe. Griffith aliisoma kazi yake mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1920, akiwa na miaka 26. Nitaieleza bila alama hata moja.

Ufukirie ufa kama mtu anayefungua genge, na ana daftari la mapato na matumizi. Matumizi: ili urefuke, ufa lazima utengeneze nyuso mbili mpya, na kuachanisha chembe kuna gharama. Ukirefuka mara 2, gharama ni mara 2. Mapato: kitu kilichobebeshwa mzigo kina nishati ndani yake, kama mpira uliovutwa. Ufa ukipita, eneo la pembeni yake linalegea na kuiachia nishati ile. Eneo hilo linakua pande mbili kwa pamoja, hivyo ufa ukirefuka mara 2, mapato ni mara 4. Ufa ukiwa mfupi, kila milimita mpya inaingiza kidogo kuliko inavyogharimu. Biashara haikui, ufa unatulia, kikombe kinatumika miaka mitano. Ufa ukivuka urefu fulani, kila milimita mpya inalipa zaidi ya gharama yake. Hapo hauhitaji msaada wa mtu. Unajilipia nauli wenyewe, na unakimbia kwa kasi kubwa ndani ya kitu hicho.

Huo ndio urefu wa hatari, na methali yetu haikuutaja. Unategemea mzigo na aina ya kitu. Ufa ukirefuka mara 4, kitu kinabakiwa na nusu ya nguvu. Griffith alilithibitisha hilo kwa kupasua mirija na matufe ya kioo aliyoyatia nyufa za urefu anaoujua. Hesabu na vioo vilikubaliana.

Mngedhani baada ya hapo alipewa maabara kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba jioni moja yeye na msaidizi wake, Ben Lockspeiser, waliondoka bila kuzima moto wa gesi waliokuwa wanayeyushia kioo. Usiku maabara ikaungua. Baada ya uchunguzi wakubwa walimtaka aache kupoteza muda, wakamhamishia kwenye injini. Kwao, mtu wa ndege anayevuta nyuzi za kioo alikuwa anacheza. Ndege hazitengenezwi kwa kioo, si ndiyo? Lockspeiser hakudumaa. Miaka mingi baadaye alikuwa rais wa kwanza wa baraza la CERN. Lakini hesabu ya ufa ililala kwenye makabati karibu miaka 20.

Griffith hakulalamika hadharani. Alikuwa mtu mkimya, wa penseli na karatasi. Mwaka 1926 alitoa andiko lililoonyesha jinsi mapanga ya tabo yanavyopaswa kuchongwa kama mabawa ya ndege, na akapendekeza injini inayosukuma hewa moja kwa moja kupitia safu za mapanga hayo. Ndege za jeti za abiria mnazoziona zikitua Kilimanjaro leo zina injini zenye mpangilio huo.

Na hapa lazima niseme upande wake usiopendeza, maana maisha ya mtu si wasifu wa kuombea kazi. Mwaka 1929 aliletewa wazo la injini ya jeti na ofisa kijana wa jeshi la anga, Frank Whittle, mwenye miaka 22. Griffith alikagua hesabu, akakuta kosa, akaona injini ile haitafaa. Wizara ikamkatalia Whittle. Kosa lilikuwepo kweli, ila wazo lilikuwa sahihi: injini ya Whittle iliwaka mwaka 1937 na kuruka na ndege mwaka 1941. Yaani mtu aliyeambiwa aache kuchezea vioo, alipopewa kiti cha kuamua, naye alimrudisha kijana nyumbani. Nikilifikiria hilo naona jinsi ilivyo rahisi kukosoa hesabu ya mtu na kuliua wazo lake kwa pamoja.

Wakati huo nyufa zilikuwa zinasubiri. Tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady, ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, kwenye maji matulivu, ilipasuka ghafla karibu kukatika vipande viwili. Meli za Liberty za wakati wa vita nazo zilipata nyufa kwa mamia. Zamani mabati ya meli yalipigwa ribiti, na ufa ukifika kwenye ukingo wa bati huishia hapo. Meli mpya zilichomelewa, zikawa bati moja refu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kile kikipigwa na baridi huwa kama kioo. Ufa ukishavuka urefu wa hatari, hakuna mpaka wa kuuzuia. Ndipo wahandisi walipolitafuta tena andiko la 1920. Baada ya vita George Irwin, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, alilirekebisha lifae kwa vyuma, kwa kuongeza kwenye safu ya matumizi gharama ya chuma kupinda kwenye ncha ya ufa kabla ya kuachana. Gharama hiyo ni kubwa, na ndiyo inayotuokoa kila siku.

Afrika Mashariki tunaingia kwenye habari hii tarehe 2 Mei 1952. Siku hiyo ndege ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, ikiwa safari ya kwanza duniani ya jeti yenye abiria wa kulipa, na njiani ilitua Entebbe. Ndege ileile, tarehe 10 Januari 1954, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba na kuua watu wote 35. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine, iliyokuwa njiani kwenda Johannesburg, ikaanguka na watu 21.

Uchunguzi ulifanyika wapi? Farnborough, palepale alipokatazwa Griffith. Waliizamisha bodi ya Comet kwenye tangi la maji, wakaijaza maji ndani na kuyapunguza, tena na tena, kuiga ndege inavyopanda na kushuka. Ukijumlisha na safari ilizokuwa zimesharushwa, bodi ilipasuka mara ya 3,057, ufa ukianzia kwenye kona ya tundu lililokatwa kwenye bati. Hakukuwa na safari moja iliyoizidi nguvu. Kila safari iliurefusha ufa kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, mpaka siku uliyovuka ule urefu. Huo ndio uchovu wa chuma.

Uchovu huo tunaujua sana Karatu. Kwa miaka mingi lami imeishia lango la Lodoare. Kutoka hapo magari ya watalii yanatetemeka juu ya mawimbi ya vumbi mpaka Serengeti na kurudi, na kila mtetemeko ni safari moja ndogo ya Comet. Baba yangu mdogo ni fundi wa kuchomelea mjini Karatu. Gari likija, anasafisha chasisi, anapaka mafuta ya taa, anafuta vizuri, kisha anapitisha unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda kwenye chaki, na mstari unaonekana. Halafu, kabla ya kuchomelea, anatafuta ncha ya ufa na kuitoboa tundu kwa drili. Kanuni ya Inglis inasema ufa wenye kina cha milimita 10, ncha yake ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 0.01, unazidisha nguvu zaidi ya mara 60. Ncha hiyo ikiwa tundu lenye nusu kipenyo cha milimita 5, inakuwa chini ya mara 5. Baba mdogo hamjui Inglis. Alifundishwa na fundi aliyemtangulia.

Kazi yake ina gharama. Likizo iliyopita dereva mmoja alimtaka apitishe moto juu ya ufa na kupaka rangi, basi, maana wageni wanaondoka saa kumi na moja alfajiri. Alikataa. Dereva akaenda gereji nyingine, na rangi ikapakwa. Siku ya tatu gari lile lilirudi Karatu likiwa limevutwa, chasisi imekatika hatua chache kutoka pale palipopakwa. Mungu saidia, lilikuwa linapanda mlima polepole, na wageni walitoka wazima. Lakini nilimwona baba mdogo siku aliyokataa. Ile hela ilikuwa ada ya mtoto wake. Hakuna kanuni ya Griffith inayokokotoa hilo.

Griffith mwenyewe alihamia Rolls-Royce mwaka 1939 na kukaa huko mpaka alipostaafu mwaka 1960. Alichora msingi wa injini ya Avon. Alihusika na kile chombo kilichobandikwa jina la kitanda kinachoruka, kilichopaa wima mwaka 1954 bila mabawa. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi mwaka 1941. Alifariki Oktoba 1963.

Mwaka huohuo, shirika letu la pamoja, East African Airways, lilikuwa linarusha Comet 4, lililoanza kuzipokea mwaka 1960. Zilikuwa na bodi iliyosanifiwa upya baada ya lile tangi la Farnborough, na injini zake zilikuwa Avon. Hivyo Mtanzania aliyepanda Comet kwenda Ulaya siku zile alibebwa na kazi mbili za mtu mmoja: ile aliyosifiwa nayo, na ile aliyoambiwa aiache.

Wale wa mwaka wa nne mnaotafuta mada ya projekti, mada zenye fedha na wasimamizi mtaziambiwa. Lakini kama una kitu kinachokusumbua ambacho wenzako wanakiona mchezo, mapovu yako au nyuzi zako za kioo, kifanye na ukiandike vizuri, uweke kabatini. Na ukipewa wewe kiti cha kukagua ya wengine, mkumbuke Whittle. Kwa leo, kabla hujapanda gari la kwenda likizo, chungulia chini. Kama kuna rangi mpya sehemu moja tu ya chasisi, muulize dereva imefunika nini.